Ibn Sina: Tabibu Aliyeyapambanua Maumivu

Bibi akiumwa goti, kiuno au mwili mzima, husema ana baridi yabisi. Maneno hayo ni ya Kiarabu, yaani baridi na ukavu. Ni lugha ya matabibu wa zamani, walioona kuwa maradhi hutokana na kuzidi kwa joto, baridi, unyevu au ukavu mwilini. Mashuhuri kati yao ni Abu Ali bin Sina.

Alizaliwa mwaka 370 Hijria (980 Miladia) katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, ambayo leo imo Uzbekistan. Alipofika miaka 10 alikuwa amekwishahifadhi Qur'ani. Akasoma fiqhi, mantiki, hesabu na tiba. Akiwa bado kijana aliitwa kumhudumia mtawala wa Bukhara, Nuh bin Mansur, kisha akaomba ruhusa ya kusoma katika maktaba yake.

Maisha yake hayakuwa ya raha. Tawala zilianguka, akahama mji hadi mji. Hamadhan alikuwa waziri, tena akafungwa. Katika misukosuko hiyo aliandika Al-Qanun fit-Tibb, kitabu cha juzuu tano kilichosomeshwa Ulaya hadi karne ya 17. Humo alieleza maumivu ya viungo, jongo, na maumivu yashukayo kutoka nyonga hadi mguu. Aliyagawa maumivu mafungu 15: yapo yachomayo, yabanayo, yapwitayo, na yapo ya uchovu. Kila fungu lilimwelekeza tabibu kwenye chanzo chake.

Tiba ya leo imeiacha hesabu ya baridi na ukavu, lakini somo la kupambanua limebaki. Jongo huletwa na asidi ya yuriki inayoganda kama chembe kali ndani ya kiungo. Goti la mzee mara nyingi huuma kwa kulika gegedu. Upo ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo. Vidole huvimba na kukakamaa muda mrefu asubuhi. Na upo uitwao faibromayalgia: mwili huuma miezi mitatu au zaidi, usingizi hauondoi uchovu, na vipimo vya kawaida havionyeshi kitu. Mgonjwa huyo hasingizii, wala si mvivu. Husaidiwa na mazoezi mepesi yanayoongezwa polepole, usingizi mzuri na ushauri wa daktari. Tukiyaita yote baridi yabisi na kununua vidonge dukani, tunakosea. Dawa nyingi za maumivu zikimezwa muda mrefu bila ushauri hudhuru tumbo na figo.

Ibn Sina mwenyewe alisumbuliwa na maumivu ya tumbo yaliyomrudia mara kwa mara. Inasimuliwa kuwa alipoona tiba imeshindwa, alitubu, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake na kushughulika na Qur'ani. Alifariki Ramadhani mwaka 428 (1037 Miladia), akazikwa Hamadhan, nchini Iran.

Kwetu Rusumo wazazi hupanda vilima na jembe begani, na ndoo kichwani. Bibi akilalamika, tusimjibu kuwa ni uzee tu. Tumuulize: panauma wapi? Tangu lini? Asubuhi au usiku? Panavimba? Kisha tumpeleke kituo cha afya na majibu hayo. Akishindwa kusimama, dini imemruhusu kuswali amekaa. Basi nasi tumtengee maji ya udhu na kumsogezea kiti.

Wabillahi tawfiq.