John von Neumann: Bingwa wa hesabu aliyeacha mlango wazi

JOHN von Neumann alipolazwa akiugua saratani katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed jijini Washington, chumba chake kiliwekewa ulinzi wa wanajeshi. Wakuu wa Marekani walihofia kwamba mwanahisabati huyo, aliyezijua siri nyingi za silaha za nyuklia, angezitamka akiwa amelewa dawa. Alifariki Februari 8, 1957, akiwa na umri wa miaka 53.

Kuna mlango mwingine ambao haukuwekewa askari. Umo katika muundo wa kompyuta aliosaidia kuubuni, na wavamizi wa mitandaoni wameupitia mara nyingi.

Alizaliwa Budapest, Hungaria, Desemba 28, 1903, katika familia ya Kiyahudi. Babake, mkuu wa benki, aliona kuwa hesabu hazina ujira, hivyo kijana akasomea uhandisi wa kemikali Zürich, Uswisi, huku akiendelea na hisabati Budapest. Alihitimu kote kuwili mwaka 1926. Kufikia 1933 alikuwa profesa katika Taasisi ya Utafiti wa Juu, Princeton, na wakati wa vita aliitwa Los Alamos kusaidia kuunda bomu la atomiki.

Mnamo 1944, akiwa kituo cha reli cha Aberdeen, Maryland, alikutana na afisa wa jeshi, Herman Goldstine, aliyemweleza kuhusu ENIAC, kompyuta iliyokuwa ikiundwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kuipa kazi mpya kulimaanisha kuhamisha nyaya na kupanga swichi upya kwa siku kadhaa. Juni 1945 ikasambazwa ripoti ya kurasa 101 kuhusu mtambo wa kuirithi, EDVAC, iliyopendekeza amri zihifadhiwe katika kumbukumbu ile ile ya tarakimu. Ilibeba jina la von Neumann pekee, ingawa wahandisi J. Presper Eckert na John Mauchly walikuwa wamelijadili wazo hilo kabla hajafika. Walinung'unika, na haki ilikuwa upande wao.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba ripoti hiyo ilikuwa na tahadhari. Kila neno lililohifadhiwa lilitiwa alama ya kuonyesha iwapo ni tarakimu au ni amri, na tarakimu haikuweza kuifuta amri nzima. Mwaka uliofuata, yeye, Goldstine na Arthur Burks walipochora mtambo wa Princeton, alama hiyo iliachwa. Kumlaumu ni kumwonea: mashine ilikuwa moja, watumiaji walijuana, na programu za wakati huo zililazimika kubadilisha amri zake zenyewe zikiwa kazini. Nani angemwazia mgeni wa kutuma amri kutoka mbali?

Mwaka 1949 alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Illinois kuhusu mitambo inayoweza kuzaa mingine iliyo sawa nayo. Mihadhara hiyo, iliyochapishwa kitabuni mwaka 1966, huhesabiwa kuwa chimbuko la nadharia ya virusi vya kompyuta.

Mambo hayo mawili yalikutana Novemba 2, 1988. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell aliachilia katika intaneti programu iliyojizalisha yenyewe. Mojawapo ya njia zake ilikuwa programu ya kawaida ya kuuliza ni nani anayetumia kompyuta fulani. Programu hiyo ilitenga nafasi ya herufi 512 kwa swali, ikatumiwa 536. Zilizozidi zilifurika hadi sehemu jirani ya kumbukumbu na kubadilisha anwani ya amri inayofuata, na kompyuta ikalitii swali lenyewe kana kwamba ni agizo. Makadirio yaliyotajwa sana ni kuwa kompyuta 6,000 ziliathiriwa. Mafuriko ya aina hiyo yalitumiwa na Code Red mwaka 2001 na Blaster mwaka 2003 kuvamia kompyuta zenye programu za Microsoft.

Kuanzia 2003, vichakataji vya kompyuta za kawaida vilianza kuwekewa uwezo wa kutia alama sehemu za kumbukumbu ambazo yaliyomo hayaruhusiwi kutekelezwa kama amri. Microsoft ikautumia katika Windows XP mwaka 2004. Mpaka ulioachwa Princeton ukawa umerejeshwa kwa namna nyingine, lakini wavamizi walikuwa wameshajua kuzigeuza dhidi ya mwenye kompyuta amri halali zilizomo tayari katika programu zake, ambazo alama hiyo haizizuii.