Lily Parr: Mwanasoka Aliyefungiwa Viwanja

Wasifu katika fasihi yetu aghalabu huwahusu watawala, malenga na mashujaa wa vita. Wanamichezo hutajwa kwa nadra, na wanawake miongoni mwao kwa nadra zaidi. Hata hivyo, katika pwani ya Kilifi, ambako shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwafunza wasichana kandanda tangu mwaka 2001, suala la nani ana haki ya kukanyaga uwanja si geni. Makala haya yanasimulia maisha ya mwanamke aliyelikabili suala hilo mbali na pwani yetu, karne moja iliyopita. Naye ni Lily Parr.

Parr alizaliwa tarehe 26 Aprili 1905 mjini St Helens, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kibarua katika kiwanda cha vioo, nayo familia ya watoto saba iliishi maisha ya kubana matumizi. Binti huyu hakuvutiwa na ushonaji wala upishi. Alijifunza kandanda na raga pamoja na kaka zake, na kabla ya kubaleghe tayari mguu wake wa kushoto ulikuwa na mkwaju uliowashangaza wanaume.

Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyomfungulia mlango. Wanaume walipokwenda vitani, wanawake waliingia viwandani kuunda silaha. Ikumbukwe kwamba vita hivyo hivyo viliigusa pwani yetu: Waingereza walidai vijana wa Kigiriama wawe wapagazi wa jeshi, na mwaka 1914 Wagiriama wakapambana nao. Mekatilili wa Menza, aliyekuwa amewahamasisha watu wake, alikamatwa mwaka 1913 na kupelekwa uhamishoni magharibi mwa Kenya, akatoroka na kurudi nyumbani kwa miguu.

Mjini Preston, wanawake wa kiwanda cha Dick, Kerr walianzisha timu mwaka 1917. Mechi yao ya siku ya Krismasi mwaka huo, iliyochezwa kuwachangia majeruhi wa vita, ilitazamwa na watu wapatao 10,000. Parr alijiunga na timu hiyo akiwa na umri wa takriban miaka 14, baada ya meneja Alfred Frankland kumwona akiichezea timu ya St Helens. Alianza kama beki, kisha akahamishiwa nafasi ya winga wa kushoto, na huko ndiko jina lake lilikovuma. Malipo yao yalikuwa shilingi 10 kwa mechi, fidia ya muda wa kazi uliopotea.

Kilele kilifikiwa tarehe 26 Desemba 1920 katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Mashabiki wapatao 53,000 walijaa humo huku maelfu wengine wakifungiwa nje. Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa hawa wagema, tembo halikutiwa maji hata tone. Wenye minazi ndio walioiondoa ngazi. Tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Soka cha Uingereza kiliwazuia wanawake kucheza katika viwanja vyote vya klabu wanachama. Kilidai kwamba kandanda haiwafai wanawake, na pia kikatilia shaka matumizi ya fedha za viingilio, ingawa mechi hizo zilikuwa zimechangisha pesa nyingi za hisani.

Parr alikuwa na umri wa miaka 16. Mwaka uliofuata timu yake ilivuka bahari hadi Amerika ya Kaskazini, ikazuiwa kucheza Kanada, kisha ikacheza Marekani dhidi ya timu za wanaume. Huko nyumbani walihamia viwanja vya raga na bustani za umma. Baadaye Parr alifanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Whittingham, karibu na Preston, huku akiendelea kucheza. Timu ilibadilishwa jina ikawa Preston Ladies, wachezaji wakaja na kuondoka, naye akabaki. Alistaafu soka mwaka 1951, baada ya zaidi ya miaka 30. Mabao yake hukadiriwa kukaribia 1,000.

Alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 24 Mei 1978. Marufuku yenyewe ilikuwa imeondolewa miaka michache tu kabla ya hapo, baada ya kudumu kwa takriban nusu karne. Mwaka 2002 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika orodha ya magwiji ya Jumba la Makumbusho ya Soka la Uingereza, na mwaka 2019 sanamu yake ikazinduliwa mjini Manchester. Heshima zote mbili zilimkuta kaburini, kama ilivyokuwa kwa Mekatilili, ambaye bustani na sanamu yake mjini Malindi zilikuja miongo mingi baada ya kifo chake.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna fundisho la kuzingatia hapa. Sarufi yetu haitofautishi jinsia: mshambuliaji, beki na nahodha ni majina ya ngeli ya watu, awe mume au mke. Marufuku iliyomfungia Parr viwanja haikutokana na lugha wala na mguu wake. Ilitokana na watu waliokuwa na funguo za malango. Timu ya taifa ya wanawake ya Kenya ilishiriki fainali za Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Wasifu wa wachezaji wake, na wa wasichana wanaofukuzia mpira katika viwanja vya Kilifi, uandikwe wangali hai, wapate kuusoma wenyewe.