Anna Bissell

Anna Sutherland Bissell (River John, Nova Scotia, Kanada, 2 Desemba 1846 – Grand Rapids, Michigan, Marekani, 8 Novemba 1934) alikuwa mfanyabiashara aliyeongoza kiwanda cha mashine za kusafishia mazulia. Anahesabiwa kati ya wanawake wa kwanza kuongoza kampuni kubwa nchini Marekani.

Maisha ya awali

Akiwa mtoto alihamia na wazazi wake De Pere, jimbo la Wisconsin. Alianza kazi ya ualimu akiwa na umri wa miaka 16. Mwaka 1865 aliolewa na Melville Bissell, na baadaye wakafungua duka la vyombo vya kauri mjini Grand Rapids.

Mashine ya kufagia zulia

Vyombo vya dukani vilifika vikiwa vimefungwa katika unga wa mbao, ambao ulinasa kwenye zulia na kushindikana kwa ufagio wa kawaida. Melville alitengeneza kisanduku chenye magurudumu na mpini mrefu: mtu akikisukuma, magurudumu huzungusha brashi, nayo hurusha taka ndani ya kisanduku. Hakikuhitaji umeme. Alipata hataza yake mwaka 1876.

Hataza ilikuwa ya mume, lakini kazi ilikuwa ya wote wawili. Wanawake wa mjini walifunga brashi za nywele za nguruwe majumbani mwao, na Anna alizikusanya ili mashine ziunganishwe. Pia alisafiri mji hadi mji akiziuza.

Uongozi

Kiwanda chao cha kwanza kilijengwa mwaka 1883. Mwaka uliofuata kiliteketea kwa moto, na Anna akapata mikopo ya benki iliyowezesha kazi kuanza tena. Mwaka 1889 Melville alifariki kwa nimonia akiwa na umri wa miaka 45. Anna, mjane mwenye watoto, angeweza kuuza kampuni. Badala yake alishika uongozi wake hadi mwaka 1919, halafu akawa mwenyekiti wa bodi hadi kifo chake. Alipeleka bidhaa zake Ulaya na kulinda vikali hataza na jina la kampuni. Aliwawekea wafanyakazi pensheni na fidia kwa walioumia kazini, wakati ambapo waajiri wachache walifanya hivyo. Alisaidia pia nyumba ya watoto wasio na makao na kituo cha mafunzo kwa wanawake na wahamiaji.

Urithi

Mashine ya Bissell iliondoa taka kavu tu. Doa la chai au mafuta halikuweza kutoka kwa kufagia. Leo kampuni hiyo, ambayo bado inamilikiwa na familia, hutengeneza pia mashine ndogo za kubebwa mkononi. Hizo hunyunyiza maji yenye sabuni juu ya doa, brashi hulilegeza, kisha maji machafu hufyonzwa na kuingia katika tangi la pili.