Maisha ya Alexander Mackay, Fundi wa Njia ya Misafara

Kabla sijaeleza habari za mtu niliyemkusudia, yanipasa kwanza kukiri kosa langu. Katika likizo ya Desemba mwaka jana nilifungua redio ya babu yangu. Ilikuwa imenyamaza kwa siku mbili, nami, kwa kuwa nyumbani wameniita fundi tangu nilipotengeneza kengele ya baiskeli, nikaona kazi hii si kitu. Kwa bisibisi ya kuazima niliifungua kwa nusu saa. Kuifunga tena kulinishinda. Skrubu zilichanganyika, waya mbili zilikatika, na vipande vingine sikukumbuka vilikuwa vimekaa wapi. Babu hakunigombeza. Kila jioni alichukua kiti chake akaenda kusikiliza taarifa ya habari kwa jirani, na ukimya wake uliniuma kuliko fimbo.

Nilirudi shuleni na ile redio ndani ya mfuko. Nilipomweleza mwalimu wetu wa historia, alinipa kitabu cha maisha ya Alexander Mackay, akanitaka nikisome chote kabla sijashika bisibisi tena. Basi habari nilizozipata humo na katika vitabu vingine ndizo ninazowaletea leo, kwa kuwa mtu huyo alifanya kazi zake katika njia iliyopita hapa kwetu.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, huko Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, naye alimfundisha mwanawe mwenyewe nyumbani. Walipotembea pamoja, mzee huyo alichora maumbo ya hesabu vumbini kwa fimbo yake, na mtoto akajifunza njiani. Lakini kilichompendeza sana mtoto ni karakana. Alishinda kwa mhunzi na kwa seremala akiwatazama. Tena alikuwa akienda kwa miguu mwendo mrefu hadi stesheni, apate kuiona injini ya treni kwa zile dakika chache inaposimama, kisha akarudi kijijini kwao. Sisi wa Tabora, tuliozoea mlio wa treni tangu reli ilipofika mjini mwaka 1912, labda tutamcheka. Yeye hakuona taabu.

Alipokuwa kijana alikwenda Edinburgh, akasomea ualimu kwanza, kisha uhandisi. Mwaka 1873 alikwenda Berlin, Ujerumani, akafanya kazi ya kuchora na kubuni mitambo. Huko angeweza kuishi kwa raha. Lakini mwaka 1875 ikatangazwa katika magazeti ya Uingereza barua ya msafiri Stanley, iliyosema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu. Chama cha wamisionari cha CMS kikatafuta watu, na Mackay akajitoa. Aliondoka Uingereza Aprili 1876, akafika Unguja mwezi uliofuata.

Hapo yafaa nieleze hali ya njia ilivyokuwa. Misafara ilitoka pwani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani hapa Tabora. Hapa njia iligawanyika: moja ilikwenda Ujiji, nyingine kaskazini kwenye Ziwa Viktoria. Hapakuwa na gari wala reli. Kila kitu kilichukuliwa begani au kichwani na wapagazi, na wengi wao walikuwa wazee wetu Wanyamwezi, waliojulikana pwani nzima kwa kazi hiyo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na zaidi, naye aliuchukua kwa miezi. Basi wamisionari hao walipotaka chombo cha kusafiria ziwani, chombo kilichoitwa Daisy, iliwabidi kukipeleka vipande vipande, pamoja na injini yake ya mvuke.

Mackay aliugua njiani akarudishwa pwani. Alipopata nafuu alipewa kazi ya kutengeneza barabara ya magari ya ng'ombe toka Saadani hadi Mpwapwa, mwendo wa maili 230. Kwa mwaka 1877 alikata miti, akajaza mashimo, akatandika magogo penye matope, pamoja na vibarua wake. Barabara ilikwisha, lakini ng'ombe hawakudumu. Walikufa njiani, kwa kuwa katika pori lile mlikuwa na mbung'o. Hapo nilisimama kusoma nikafikiri. Hesabu za fundi zilikuwa sahihi na kazi yake ilikuwa nzuri, lakini mdudu mdogo ambaye hakumtia katika hesabu akamshinda. Ikambidi arudie mabega ya wapagazi kama kila mtu.

Juni 1878 akafika Kagei, kando ya ziwa upande wa kusini. Wenzake wawili waliomtangulia, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877. Mizigo waliyoiacha ilikuwa imelundikwa ndani ya kibanda bila mpango: vyuma vya injini, mabomba ya boila, misumari, vyombo vya kupigia chapa, vitabu, dawa, vyote vimechanganyika na kushikwa na kutu. Daisy nayo ilikuwa imekauka juani, mbao zake zimepasuka na kuliwa na wadudu. Mtu mwingine angeketi akalia. Mackay alianza kutenga. Vyuma akaviweka mahali pake, skrubu mahali pake, akasugua kutu kipande kimoja kimoja, na siku baada ya siku injini ikaanza kuonekana kuwa injini.

Ndugu zangu, niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu. Nilifahamu kosa langu. Mimi nilianza kwa kufungua, wala sikutenga kitu chochote.

Daisy ikatengenezwa ikaingia majini, lakini dhoruba ikaitupa ufukoni upande wa magharibi ya ziwa, ikavunjika. Mbao za kuitengenezea hazikuwapo. Basi Mackay na mwenzake Wilson walifanya jambo la ajabu. Waliikata katikati, wakaitoa sehemu ya kati, wakaunganisha tezi na omo, na mbao za ile sehemu iliyotolewa zikawa viraka vya sehemu zilizobaki. Chombo kikawa kifupi, lakini kikaelea. Novemba 1878 wakafika Buganda.

Huko Mackay alijenga karakana, akaweka kiriba cha mhunzi na jiwe la kunolea la kuzungusha, na vijana wakaja kutazama, kisha wakaja kujifunza. Alipokosa herufi za kupigia chapa alizichonga kwa mti. Alichimba kisima akatia pampu, na watu wakashangaa kuona maji yanapanda juu, maana siku zote walijua maji huteremka. Alijitahidi kuwaeleza kuwa hapana uchawi, na kwamba mtu yeyote akijifunza aweza kuifanya pampu hiyo. Mwaka 1882, mama yake Kabaka Mutesa alipofariki, Mackay ndiye aliyesimamia kazi ya kumtengenezea majeneza matatu, moja ndani ya lingine, na lile la nje lilikuwa kubwa kama kijumba. Kwa kazi hizo zote watu wakampa jina la Mzungu wa kazi.

Lakini si vema nikaandika kana kwamba ufundi ulimwezesha kila jambo. Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Januari 1885 vijana watatu waliosoma misioni waliuawa kwa amri ya Kabaka huyo. Mackay aliwaombea wasiuawe, asisikilizwe. Aliyeweza kuunga chombo kilichovunjika hakuweza kuokoa vijana wake. Aliendelea kupiga chapa na kufundisha, lakini Julai 1887 ikambidi aondoke Buganda, akavuka ziwa akaja Usambiro, upande wa kusini, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania.

Hapo Usambiro alianza upya kama kawaida yake. Alifyatua matofali, akapasua mbao, akajenga karakana nyingine, akaanza kutengeneza chombo kipya cha mvuke. Mwaka 1889 Stanley alipopita akielekea pwani alimkuta katika kazi hiyo, boila iko uani na wahunzi wakiishughulikia. Stanley alimshauri afuatane naye akapumzike kwao, kwa maana tangu alipofika Afrika hakurudi hata mara moja. Mackay akakataa, kwa kuwa kazi haijakwisha. Tarehe 8 Februari 1890 alikufa kwa homa ya malaria, umri wake miaka 40, na chombo chake hakijaingia majini. Alizikwa Usambiro. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishwa yakazikwa Namirembe, Kampala.

Wako watakaouliza ni nini tunachojifunza kwa mtu aliyekufa na kazi mkononi. Mimi nimejifunza mambo mawili. La kwanza, fundi si yule ajuaye kila kitu. Fundi ni yule ambaye akikuta lundo la vitu vilivyovunjika hakimbii, bali hukaa chini akatenga, kisha akaanza na kile kilicho karibu na mkono wake. La pili, hapana fundi aliye peke yake. Kila msumari uliopigwa pale Kagei ulikuja begani mwa mtu. Majina ya wapagazi hao hayamo katika kitabu nilichopewa, lakini kama wasingevuka Ugogo na mizigo yao, Mackay angebaki pwani na michoro yake.

Likizo iliyofuata nilitandika mkeka uani nikapanga vipande vya redio vyote, nikachora kila kimoja katika daftari. Babu alileta kiti chake akaketi karibu, akanishikia taa jua lilipozama. Siku ya tatu niliona waya wa betri umeliwa na kutu, na kumbe huo ndio ulioinyamazisha tangu mwanzo. Fundi mmoja wa sokoni akanionyesha namna ya kulehemu, nami nikaulehemu, pamoja na zile waya mbili nilizozikata mwenyewe. Tulipoiwasha ilikoroma kidogo, kisha ikasema, na Babu akasikiliza taarifa ya habari nyumbani kwake. Skrubu moja ilibaki mkononi mwangu, na mpaka leo sijui ilitoka wapi.

Basi nawasihi wenzangu wa kidato cha kwanza na cha pili wapendao kufungua vitu: fungueni, wala msiogope, lakini tandikeni mkeka kwanza.