Arthur C. Clarke, aliyepiga hesabu ya setilaiti za mawasiliano

Arthur C. Clarke alizaliwa tarehe 16 Desemba 1917 Minehead, mji mdogo wa pwani ya Uingereza. Nyumbani hakukuwa na fedha za kumsomesha chuo kikuu, hivyo alikwenda London kufanya kazi ya ukaguzi wa hesabu serikalini. Vita Kuu ya Pili ikamtoa kwenye madaftari: jeshi la anga lilimpeleka kwenye rada za kuongoza ndege kutua kwenye ukungu.

Oktoba 1945 alichapisha makala katika jarida la Wireless World. Alieleza kuwa chombo kikiwa juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, huizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha. Ukiwa chini unakiona kimesimama palepale, kama mnara. Vitatu vingetosha kurusha matangazo karibu dunia nzima. Wengine walishaujua mzingo huo. Yeye aliupa kazi ya mawasiliano. Alilipwa pauni 15, na hakuomba hataza. Wapo wanaomcheka kwa hilo, lakini wakati ule nani alikuwa na roketi ya kufika huko? Yeye mwenyewe alidhani vituo hivyo vingekaliwa na mafundi.

Haikupita miaka 20. Mwaka 1964 setilaiti ya Syncom 3 ilipeleka picha za Olimpiki kutoka Tokyo hadi Marekani. Afrika Mashariki ilipata kituo chake Longonot, Kenya, mwaka 1970. Clarke alikuwa ameshahamia Sri Lanka tangu 1956, akiandika riwaya na kupiga mbizi. Alifia huko Machi 2008, akiwa na miaka 90.

Dishi la televisheni juu ya paa lako bado linatazama mzingo ule, ndiyo maana haligeuki. Kwa simu ya mkononi mambo ni magumu zaidi. Viwango vya 5G vilivyokamilishwa mwaka 2022 vinaruhusu setilaiti kuwa sehemu ya mtandao wa simu, lakini kutoka kilomita 36,000 sauti huchelewa karibu robo sekunde, na simu ya mfukoni ina nguvu ndogo ya kufika huko. Kwa hiyo kampuni nyingi zimeshuka hadi kilomita mia kadhaa tu. Huko chini setilaiti hazisimami: moja hupita juu yako kwa dakika chache, kisha mawasiliano yako hukabidhiwa inayofuata, kama unavyohama mnara mmoja hadi mwingine ukiwa ndani ya basi. Badala ya tatu za Clarke, zinahitajika mamia, hata maelfu.