MBIO ZA SAKAFUNI HUISHIA UKINGONI!

Kijana wa Isevya! Simama kidogo usome. Je, umewahi kumsikia Luteni Heinrich Naumann? Huyu bwana alipita huku kwetu na bunduki.

Naumann alikuwa afisa wa jeshi la Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, Wajerumani wakakimbilia kusini. Lakini Februari 1917 Kapteni Max Wintgens akajitenga na wenzake, akageuka kuja kaskazini na mamia ya askari na wapagazi. Naumann alikuwemo. Mwezi Mei, karibu na Tabora, Wintgens akalemewa na homa ya tifasi, akajisalimisha kwa Wabelgiji. Uongozi wote ukabaki kwa Naumann.

Ndugu yangu, mtu hujulikana siku anayopewa rungu!

Naumann akavuka reli upande wa mashariki ya Tabora, akaenda mpaka Ikoma kule Serengeti. Waingereza na Wabelgiji walimfukuza kwa maelfu ya askari, yeye anawaponyoka tu. Wengi walimwona shujaa.

Lakini jiulize: kikosi kile kilikula nini? Hakikuwa na ghala. Kilikula mtama wa wanakijiji na ng'ombe wao. Na mizigo nani alibeba? Babu zetu Wanyamwezi walizoea kubeba pembe mpaka Bagamoyo, lakini kwa ujira. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mabega yakaanza kupumzika. Vita ikayarudisha chini ya mzigo, safari hii kwa mtutu wa bunduki. Aliyeanguka njiani aliachwa hapo hapo. Majina yao nani anayo leo? Mama zao waliwangoja mpaka lini?

Mbio zile zikafika ukingoni. Mwanzoni mwa Oktoba 1917, karibu na Kondoa, Naumann alizingirwa akasalimu amri. Alidhani ni mateka wa vita kama wengine. Wapi! Waingereza walimfikisha mahakamani kwa mauaji na ukatili. Akahukumiwa KIFO. Baadaye adhabu ikapunguzwa ikawa kifungo, na vita vilipokwisha akaachiliwa.

Utasema, basi si aliponea? Kijana, fikiri vizuri. Yeye alipunguziwa. Mpagazi aliyekufa porini alipunguziwa nini? Na mpaka leo, zaidi ya miaka 100, jina la Naumann likitajwa, kesi ile inatajwa pamoja nalo. Mwendo wote ule haukuifuta.

Wewe je? Huna jeshi, najua. Lakini kesho utapewa rungu la sungusungu, au ufunguo wa stoo, au utaachiwa wadogo zako nyumbani. Usiseme ni amri, usiseme ni shida, usiseme hakuna anayeona. Naumann naye alikuwa mbali porini, na bado aliulizwa!

Amua LEO utakavyomtendea aliye chini yako.