Hayati Mwenda Jean Bosco, Mpiga Gitaa wa Vidole Viwili

Ndugu wanafunzi wa zamani, tangu tukutane mara ya mwisho wenzetu kadhaa wa Kinondoni na Temeke, wengi wao wakiwa wastaafu, wamejinunulia magitaa na kuanza kujifunza. Hiyo ni habari njema. Habari isiyo njema ni kwamba baadhi ya magitaa hayo sasa yametundikwa ukutani, na wenyewe wanadai kuwa mtu aliyevuka miaka sitini, asiyejua nota na asiye na mwalimu, amekwisha kuchelewa. Kwa ajili yao, katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri, nimemchagua hayati Mwenda Jean Bosco. Yeye hakupita chuo chochote cha muziki, na kazi yake ya vidole viwili ilivuka bahari.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Kongo ya Wabelgiji. Waliosoma historia vizuri darasani watakumbuka jina hilo. Bunkeya ndiko alikojenga dola yake Msiri, mtu aliyetoka Unyamwezi katika karne ya 19 na kutajirika kwa biashara ya shaba na pembe, mpaka alipouawa mwaka 1891. Watu wake waliitwa Wayeke, na Bosco alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo tukimsikia akiimba kwa Kiswahili, tusimhesabu kuwa mgeni. Lugha hii ilifika kwao kwa misafara, kisha ikakomaa katika miji ya migodi.

Alisoma shule za misheni, akahamia Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mji wa migodi ya shaba. Katika miji ya namna hiyo vijana wa makabila mbalimbali waliishi pamoja, wakapata mshahara, na wenye kubana matumizi wakaweza kununua gitaa dukani. Walimu wa gitaa hawakuwapo. Aliyetaka kujua alikaa mbele ya anayejua, akamtazama vidole, kisha akarudi kwake kujaribu peke yake. Ndivyo kizazi kile kilivyojifunza, na sioni kwamba kulikuwa na siri nyingine.

Mwaka 1952 alifika Jadotville Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi nyimbo na ngoma. Bosco alikuwa kijana wa miaka 22 hivi. Tracey alimrekodi akipiga gitaa kavu, lisilo na umeme wala mwenza. Miongoni mwa vipande hivyo kilikuwamo Masanga, ambacho kilitolewa kwenye santuri na kupendwa kote Afrika ya Mashariki na ya Kati. Asikiaye Masanga kwa mara ya kwanza hudhani wamepiga watu wawili. Mtaalamu mmoja, David Rycroft, alikaa akaviandika vipande vya Bosco kwa nota, sauti moja baada ya nyingine, na kuvichapisha katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Kijana aliyejifunza kwa kutazama akawa yeye ndiye anayesomwa na wenye elimu.

Sasa tuutazame mkono wake wa kulia, maana hapo ndipo wenzetu wengi wanapokwama. Bosco alitumia gumba na kidole cha shahada, basi. Gumba hupiga nyuzi nene na kushika mwendo, sawasawa, kama mama anayetwanga. Kidole cha shahada hudonoa wimbo kwenye nyuzi nyembamba, mara pamoja na gumba, mara katikati ya mapigo yake. Gumba likihesabu mbili, kidole kinaweza kuhesabu tatu, na humo ndimo utamu ulimo. Wataalamu wamelinganisha ufundi huu na upigaji wa likembe, chombo cha vyuma vidogo ambacho ndugu zetu Wagogo wanacho cha namna yake wakikiita ilimba. Maana yake ni kwamba gitaa lilikuwa jipya, lakini vidole vilikuwa vimerithi kazi ya zamani.

Mwanafunzi wetu wa Temeke hufanya kinyume. Huanza na mkono wa kushoto, akakariri mishiko kumi na mitano kutoka kitabuni, na mkono wa kulia ukabaki umelala. Afadhali akaze nyuzi zake vizuri kwanza (siku hizi hata simu ya mkononi ina programu ya kupimia sauti), kisha apige gumba peke yake, polepole, kwa muda wa wiki nzima, mpaka aweze kuzungumza na mkewe bila gumba kupotea njia. Kidole cha shahada kifuate baadaye. Kwa mkono wa kushoto mishiko mitatu inatosha kwa nyimbo nyingi tulizokua nazo. Ncha za vidole zitauma. Ngozi ikikomaa maumivu yatakwisha, na hilo halina uhusiano wowote na umri.

Mwaka 1959 Bosco alikwenda Nairobi akakaa kwa miezi kadhaa, akasikika redioni katika vipindi vya kutangaza dawa ya Aspro. Jamaa yake, Edouard Masengo, naye alifanya kazi Nairobi. Vijana wengi wa Kenya wakawasikiliza na kuiga upigaji wa vidole.

Hapa Dar es Salaam upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Western Jazz na Kilwa Jazz walikuwa wameingia kazini, NUTA Jazz ikafuata mwaka 1964, na kijana wa mjini alitaka gitaa la umeme la solo. Gitaa kavu likaonekana jambo la wazee. Binafsi naona tulipoteza kitu, kwa sababu gitaa la bendi lilihitaji bendi, na asiyechukuliwa na bendi aliacha kabisa. Kongo iliendelea kutuletea wanamuziki. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika mwaka 1978, na leo kituo cha Sinza kinaitwa kwa jina lake. Lakini hao walikuja na muziki wa jukwaani.

Bosco mwenyewe hakuukimbia wakati wake. Huko Lubumbashi alikuwa na bendi ya dansi, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kazi za ofisini, gitaa akilipiga baada ya kazi. Wastaafu wanaosema hawakupata nafasi ujanani walitafakari hilo. Mwaka 1969 alialikwa Marekani kupiga katika tamasha la Newport. Mwaka 1979 mpiga gitaa wa Kiingereza, John Low, alisafiri mpaka Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, ili ajifunze kwa Bosco na wenzake, na mwaka 1982 akaichapisha safari hiyo katika kitabu. Angalia basi: mzungu mwenye santuri zote kabatini aliona hazimtoshi, akafunga safari kwenda kutazama vidole, kama walivyofanya vijana wa Jadotville.

Mwaka huohuo wa 1982 Bosco alipiga Ulaya, na mwaka 1988 akarekodi tena Cape Town, akiwa na miaka 58, gitaa kavu mkononi. Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia. Masanga inapatikana hata leo kwa yeyote mwenye simu, na anayetaka anaweza kuipunguza mwendo hadi nusu, akasikia waziwazi gumba liko wapi na kidole cha shahada kiko wapi.